Kinachoua Vifaranga Mombasa si Baridi

Ukifungua vijitabu vingi vya ufugaji wa kuku, ukurasa wa vifaranga huanza na baridi. Washa taa, ziba madirisha, ongeza makaa, jaza maji kwenye mashine ya kuangua. Maelezo hayo si ya uongo, ila yameandikwa kwa watu wa bara wanaolala na blanketi mbili. Mtu wa Kisauni au Likoni akiyafuata neno kwa neno huwazamisha vifaranga ndani ya mayai, huwachoma walionusurika, kisha humlaumu jogoo. Huku pwani maadui ni joto na unyevu, na karibu kila hatua, tangu yai litoke kwa kuku hadi kifaranga aote manyoya, hubidi ipimwe upya kwa ajili yao.

Yai halilali likingoja

Kiini cha yai lenye mbegu, yaani kiinitete cha kifaranga, huanza kukua joto likipita nyuzi 20 hivi. Chumba cha Mombasa, hata wakati wa Kusi, ni nadra kushuka hapo, na mwezi wa Machi mchana hupita 32. Kwa hiyo yai lililokaa wiki nzima kwenye trei juu ya kabati limeshaanza safari kivivu bila joto la kutosha kufika, na likiingia mashineni kiini kiko hoi. Ndiyo yale mayai ambayo siku ya saba ukiyamulika kwa tochi unaona pete nyekundu ya damu badala ya mishipa iliyotawanyika kama mizizi.

Vijitabu husema yai likae siku saba. Yakiwa chumbani hapa, usipitishe nne. Wengi huyahifadhi kwenye chungu kilichotiwa ndani ya chungu kingine chenye mchanga wa maji, na kweli husaidia, lakini hewa yetu imeshiba maji na chungu hakipoi kama kinavyopoa Machakos. Utapata nyuzi 25, labda 24. Kinachofaa zaidi ni kisanduku cha barafu chenye chupa moja ya maji yaliyogandishwa, imeviringishwa gazeti, hubadilishwa asubuhi na jioni, na kipima joto ndani. Unatafuta nyuzi 15 hadi 18. Friji ya nyumbani ni baridi mno.

Sasa kuna mtego. Yai la nyuzi 16 ukilitoa ghafla kwenye hewa ya Mombasa hutoka jasho kama chupa ya soda, na maji yale hupenya kwenye vitundu vya ganda pamoja na vijidudu. Baada ya siku kumi linanuka, na yai viza moja likipasuka mashineni linaweza kuharibu trei nzima. Ondoa chupa ya barafu usiku, acha kisanduku kimefungwa mpaka asubuhi, ndipo utoe mayai. Usiyaoshe. Lenye uchafu mkavu lipanguse kwa kitambaa kikavu. Lililopakaa mavi liende jikoni.

Chagua mayai ya saizi ya kati, yasiyo na ufa wala umbo la ajabu, ya matetea waliokwisha kutaga kwa mwezi mmoja au miwili. Jogoo mmoja kwa matetea kumi anatosha. Upande uliochongoka hukaa chini.

Maji ndani ya mashine

Hapa ndipo Mombasa inapopoteza vifaranga wengi zaidi, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Maelezo ya mashine ya kuangua hutaka unyevu wa asilimia 50 hadi 55 kwa siku 18 za kwanza, na 65 hadi 70 kwa siku tatu za mwisho. Ili kuufikia, mtu wa Nairobi hujaza vidau vyote viwili, vile vyombo vya maji vya mashine. Fikiria kinachotokea. Hewa ya nyuzi 20 yenye unyevu wa asilimia 60 ikipashwa hadi nyuzi 37.5, unyevu wake hushuka hadi kama 22, kwa sababu hewa ya moto ina nafasi ya maji mengi zaidi. Hewa ya Mombasa ya nyuzi 28 na unyevu wa asilimia 78 ikipashwa vivyo hivyo husimama kwenye 45 hivi, na hujaweka hata tone. Ukijaza vidau viwili kama ulivyoambiwa, umefika 70 tangu siku ya kwanza.

Yai linatakiwa kupoteza maji, asilimia 11 hadi 13 ya uzito wake kufikia siku ya 18. Maji yakitoka, kifuko cha hewa upande butu hupanuka, na hewa ya mle ndiyo kifaranga huvuta mara ya kwanza kabla hajatoboa ganda. Yai lisipokauka inavyotakiwa, kifuko hubaki kidogo, kifaranga huvimba kwa maji, hutoboa utando, hukosa nafasi ya kupumua na kufa akiwa amekamilika hadi kucha. Ukipasua ganda siku ya 22 unamkuta mnene, amelowa, kitovu kikubwa. Watu husema mashine ni mbovu. Mara nyingi ni maji tu.

Basi fanya hivi. Kwanza kijaribu kipima unyevu chako, maana vingi vya bei rahisi hudanganya kwa pointi kumi. Tia kijiko cha chumvi ya jikoni kwenye kifuniko cha chupa, ilowanishe iwe kama uji mzito, iweke pamoja na kipimo ndani ya kopo la plastiki lisilopitisha hewa, uache saa nane. Kinapaswa kusoma 75. Kikisoma 82, basi toa saba kila mara. Pili, pima uzito wa mayai kwa mizani ya jikoni. Mayai 30 yaliyoingia yakiwa gramu 1,500 yanapaswa kuwa karibu 1,430 siku ya saba na 1,320 siku ya 18. Yakiwa mazito kuliko hapo, ondoa maji na fungua matundu. Yakiwa mepesi, ongeza kidau kimoja. Mizani haidanganyiki, na kwa maoni yangu ina faida kuliko kipima unyevu chochote. Mara nyingi utagundua kwamba siku 18 za kwanza Mombasa hazihitaji zaidi ya kidau kimoja kidogo, na wakati wa masika hazihitaji hata hicho.

Joto: mashine yenye feni, 37.5, isiyo na feni, 38.5 hivi, lipimwe usawa wa mgongo wa mayai. Kipima homa cha duka la dawa, kile cha kutia kwapani, ni hakimu mzuri wa kukagua kipimo cha mashine, kwa sababu kimetengenezwa kwa nyuzi hizohizo. Na kumbuka mashine inajua kupasha tu, haijui kupoza. Ukiiweka kwenye chumba cha mabati kinachofika nyuzi 36 mchana wa Februari, thamostati, swichi ya kupima joto, itazima na joto litaendelea kupanda, maana kuanzia siku ya 15 mayai yenyewe hutoa joto. Mayai yakifika nyuzi 40.5 kwa saa chache, vingi vya viini vimekwisha. Tafuta chumba cha chini chenye ukuta mnene, mbali na dirisha la jua la jioni.

Stima ikikatika, tulia. Kiini huvumilia kupoa kuliko kuungua, na chumba cha nyuzi 28 hupoza mayai polepole. Usifungue mashine, ifunike blanketi, lakini usizibe matundu ya hewa kama mayai yamepita siku ya 15. Ikizidi saa tatu, weka chupa za maji ya moto kando, zisiguse mayai. Vifaranga watachelewa, pengine nusu siku au siku nzima, basi usiyatupe mayai asubuhi ya siku ya 22.

Geuza mayai mara tatu au tano kwa siku (idadi isiyogawika kwa mbili, ili upande uliolala usiku mmoja usilale usiku wa pili), acha siku ya 18, ongeza maji, na usifungue tena. Tangu kifaranga atoboe mpaka atoke, huchukua saa 12 hadi 24. Ukimsaidia kwa kubandua ganda, unakata mishipa ambayo bado haijanyonya damu yake. Mwache akauke ndani ya mashine. Kiini cha njano alichokimeza tumboni kinamtosha siku mbili.

Tetea mwenyewe

Kama unataka vifaranga 20 kwa mwaka na si 200, uza hiyo mashine. Tetea wa kienyeji anajua joto, anajua kugeuza, na hategemei stima. Wa kuboreshwa, kama wale wa KALRO Naivasha, taasisi ya utafiti wa kilimo na mifugo, wamechaguliwa kwa mayai, na wengi wao hawaatamii, usiwasubiri. Kishingo, yule asiye na manyoya shingoni, anafaa sana pwani kwa kuwa anapoza mwili wake upesi.

Mpe mayai 10 hadi 12. Ukimwekea 16 kwa tamaa, ya pembeni hupoa, yeye huyazungusha yakaingia katikati, na kila yai hupata zamu yake ya kupoa. Mhamishe usiku kwa mayai ya kumdanganya, na akishakaa siku mbili ndipo umpe yale ya kweli, yote kwa pamoja. Yatie alama ya penseli, maana matetea wengine watakuja kutaga humohumo, na yai lisilo na alama hutolewa kila siku.

Kiota cha pakacha lenye mchanga mkavu na nyasi kinatosha. Adui wa hapa ni utitiri. Tetea aliyejaa utitiri huhama mayai siku ya 15, na hana kosa, anang'atwa usiku kucha. Mpake dawa ya unga ya kuku chini ya mbawa na kuzunguka mkundu siku mbili kabla hajaanza, urudie baada ya siku kumi. Majani ya mwarobaini kiotani ni desturi nzuri, lakini yakishajaa utitiri usiyategemee peke yake. Viroboto wanaoganda kwenye kishungi na kuzunguka macho huzibwa pumzi ukiwapaka mafuta mazito ya mgando. Wasiachwe, kwani kifaranga mdogo hunyonywa damu hadi akafa.

Ukiatamisha matetea watatu usiku mmoja, vifaranga wote unaweza kumpa mmoja awalee, usiku, wakiwa bado hawajatimiza siku mbili. Wale wawili waliobaki hurudi kutaga baada ya wiki chache badala ya miezi.

Bruda ya pwani

Bruda ni sehemu ya kulelea vifaranga kwa joto. Kwa vifaranga 25, duara la hadibodi lenye kipenyo cha futi nne linatosha wiki mbili, kisha lipanue. Duara, kwa sababu kwenye kona hurundikana na wa chini hukosa hewa. Chini tandika maranda ya seremala unene wa vidole vinne, si unga wa mbao, ambao huudonoa wakidhani ni chakula. Gazeti tupu linateleza na kuwapanua miguu. Kifaranga aliyelegea mapaja siku ya pili mara nyingi ametembezwa juu ya gazeti.

Joto usawa wa mgongo wa kifaranga liwe nyuzi 33 wiki ya kwanza, 30 ya pili, 27 ya tatu. Sasa angalia kipima joto chako cha ukutani saa saba mchana. Wakati wa Kaskazi, taa haina kazi kabisa kuanzia saa tatu asubuhi mpaka magharibi. Ile taa nyekundu ya wati 250 inayouzwa pamoja na bruda ni ya vifaranga mia moja wa bara. Kwa 25 wa hapa, balbu moja ya wati 60 ya waya wa zamani, juu kiasi cha sentimita 45, usiku tu. Usinunue balbu ya kisasa inayookoa umeme ukitegemea joto, kwani haina. Na jiko la makaa kwenye chumba kilichofungwa huua kimyakimya, vifaranga na binadamu.

Wenyewe watakwambia. Wakikusanyana chini ya taa na kulia kwa sauti kali, ni baridi. Wakikaa mbali, mbawa wazi, midomo wazi, ni joto. Wakijibana upande mmoja, kuna upepo unaingia. Baada ya wiki ya tatu Mombasa yenyewe ndiyo taa, isipokuwa usiku wa mvua wa Juni na Julai.

Paa la makuti hupoza kuliko mabati kwa tofauti unayoihisi ukiingia tu, ijapokuwa panya hulipenda pia. Kama una mabati, panga makuti juu yake.

Mwana wa kuku hafunzwi kuchakura, wasemavyo wahenga, lakini kunywa hufunzwa. Chovya mdomo wa kila mmoja majini mara moja, na kopo liwe na kokoto ili asizame. Saa nane baadaye papasa gole, kile kifuko cha shingoni: liwe laini na limejaa. Gumu, hajanywa, tupu, hajaona chakula.

Kuhusu maji yenyewe, visima vingi vya kisiwani na Likoni ni vya chumvi. Chakula cha gunia tayari kina chumvi. Ukiongeza ya kisimani, kifaranga hunywa kupita kiasi, huhara maji, na tandiko hulowa. Nunua mtungi mmoja wa maji yasiyo ya chumvi kwa mwenye mkokoteni, vifaranga 25 hawaumalizi haraka, au kinga ya mvua.

Tandiko lililolowa ndiyo shina la kuhara damu, ugonjwa wa wiki ya tatu hadi ya sita. Mayai ya vijidudu vyake yakipata unyevu na joto hukomaa kwa siku moja au mbili, na sisi tunavyo vyote bila kuomba. Zungushia kopo la maji kipande cha waya juu ya kibao ili yanayomwagika yasifike kwenye maranda, toa yaliyoganda kila asubuhi, na inama mpaka kichwa chako kiwe usawa wa vifaranga kwa nusu dakika. Macho yakiwasha kwa hewa kali ya mavi, umechelewa. Wakianza kuhara damu, amproliamu kwenye maji kwa siku tano hadi saba, na siku hizo usiwape vitamini ya mchanganyiko, kwa kuwa vitamini B1 hupunguza nguvu ya dawa hiyo.

Chakula: kifaranga wa kienyeji hula karibu kilo mbili hadi wiki ya nane, kwa hiyo 25 ni gunia moja la kilo 50. Ila usilinunue kwa mkupuo. Wiki ya kwanza wote pamoja hula robo kilo kwa siku, na gunia lililofunguliwa hapa huanza kuota ukungu kabla hujafika katikati. Sumukuvu haionekani kwa macho. Huharibu ini na kuifanya chanjo isishike. Nunua kilo kumi kumi, weka juu ya mbao mbali na ukuta. Machicha ya nazi ni mazuri kama nyongeza kwa wakubwa, yakitolewa siku hiyohiyo, kwani mafuta yake huchacha upesi. Kwa vifaranga wa wiki mbili hayana protini ya kutosha. Dagaa wasiwe wa chumvi, seuze ng'onda, samaki aliyekaushwa kwa chumvi.

Chanjo, na kunguru

Ratiba ya kawaida: siku ya 7 Newcastle, au kideri, siku ya 14 Gumboro, siku ya 21 Newcastle tena, siku ya 28 Gumboro tena. Wiki ya sita hadi ya nane, ndui ya kuku, kwa kuchomwa kwenye ngozi ya ubawa. Wafugaji wengi huiruka hii ya mwisho, jambo la kushangaza kwenye mji wenye mbu kama huu, maana mbu ndio huisambaza.

Kichupa kimoja cha chanjo huwa cha dozi mia au zaidi, na kikishachanganywa kina saa mbili. Kwa hiyo patana na majirani watano, mchanje asubuhi moja, kabla jua halijawa kali. Ibebe ndani ya chupa ya chai yenye barafu. Kama ni ya kunywa, maji ya bomba yenye klorini huiua. Tumia ya mvua, na koroga gramu mbili na nusu za maziwa ya unga yasiyo na mafuta kwa kila lita moja, nusu saa kabla.

Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na kamba hiyo iwe ya wiki mbili, mbali na vifaranga. Aliyetoka Kongowea sokoni amekaa bega kwa bega na kuku wa kila upande. Hudumia vifaranga kwanza, mgeni mwisho, usirudi nyuma.

Wakifika wiki ya tano hutoka uani, na hapo anawasubiri kunguru wa Kihindi, yule mwenye shingo ya kijivu. Wamezidi kiasi kwamba mwaka 2024 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, lilitangaza mpango wa kuwapunguza kwa milioni moja. Usingoje. Waya wa pembeni pekee haumzuii. Yeye hushuka kutoka juu, mmoja akimchokoza mama na mwenzake akichukua. Tandaza nyavu kuukuu za wavuvi juu ya ua, zimekazwa barabara ili ndege asinase, mpaka vifaranga wafikie wiki ya kumi. Usiku ni zamu ya panya, nguchiro na paka: waya wa kawaida wa kuku humzuia kuku kutoka, haumzuii panya kuingia. Futi mbili za chini ziwe waya mzito wa matundu ya nusu inchi, uzikwe ardhini kiasi cha shubiri moja. Hewa ya bahari huula huo waya kuanzia pale chini penye udongo, kwa hiyo upapase kwa mkono kila baada ya miezi mitatu. Ukibanduka vidoleni, badilisha kipande hicho kabla hujatotoa kundi lingine.